Mkono Kwanza, Mdomo Baadaye: Namna ya Kuwakutanisha Wanachuo wa Dini Mbalimbali kwa Njia ya Sanaa

Chuo kinapotaka wanafunzi wa dini tofauti waelewane, mara nyingi huandaa kongamano. Meza kuu hukaliwa na sheikh, padri na mchungaji, kila mmoja akazungumza dakika ishirini juu ya amani, wanafunzi wakapiga makofi, soda zikagawiwa, na jioni kila kundi likarudi kwenye jumuiya yake likiwa linajua juu ya wenzake kile kile lililokijua asubuhi. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo nimeitumia hapa Bagamoyo na vikundi vidogo vya wanachuo, nayo ni kuwapa kazi ya mikono isiyoweza kumalizwa na mtu mmoja, kisha kuyaacha maswali ya dini yazuke yenyewe ndani ya kazi hiyo. Aliyeshika brashi pamoja na mwenzake kwa wiki tatu huuliza swali ambalo asingethubutu kuliuliza akiwa ameshika kipaza sauti.

Bagamoyo unaurahisisha mpango huu kuliko miji mingi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo wengi tunaiita TaSUBa, ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na hadi leo si jambo la ajabu kuwaona vijana wamebeba ngoma wakielekea ufukweni kufanya mazoezi. Mji Mkongwe una milango ya nakshi, misikiti, na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi. Upande wa kaskazini ipo Misheni ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Na kusini, mwendo wa kilomita chache, yapo magofu ya Kaole yenye misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Mwezeshaji wa hapa hana haja ya kutafuta mifano mbali. Hata hivyo, mazoezi yote nitakayoyaeleza yanaweza kufanyika katika chuo chochote chenye chumba kikubwa, meza na karatasi za manila.

Kuunda kikundi

Idadi inayofaa ni wanafunzi kumi na sita, wagawanyike wanne wanne. Wakizidi ishirini, wachache watafanya kazi na waliobaki watapiga picha za simu. Wapatikane kwa kuziandikia barua jumuiya zilizopo chuoni, ziwe TMCS ya Wakatoliki, USCF ya Waprotestanti, CASFETA ya Wapentekoste, TAMSYA ya Waislamu au nyinginezo, kila moja ikiombwa ilete watu watatu au wanne wanaopenda kuchora, kuimba, kuandika au kushona. Nasisitiza neno kupenda. Ukiomba wawakilishi, utaletewa viongozi, na kiongozi huja kuilinda jumuiya yake badala ya kuja kujifunza. Acha pia nafasi mbili au tatu kwa wasio katika jumuiya yoyote, maana chuoni wapo Wahindu, Waismailia, Mabohora, na wapo wanaoshika mila za wazee wao bila kulitangaza.

Katika fomu ya kujiandikisha usiweke kipengele cha dini. Sensa za Tanzania Bara hazijamuuliza mtu dini yake tangu ile ya mwaka 1967, nasi tumezoea kuishi bila kuandikana hivyo. Barua zenyewe zilizopitia jumuiya zitakuwa zimekwisha kuleta mchanganyiko unaoutaka, na yaliyobaki mwanafunzi atayasema mwenyewe siku atakapotaka.

Wawezeshaji wawe wawili, wa dini tofauti, na wawe na mazoea ya kubishana kwa heshima mbele za watu. Mlezi wa wanafunzi apewe taarifa mapema kwa maandishi, na viongozi wa dini waelezwe wazi kwamba hakuna mwanafunzi atakayeombwa kushiriki ibada ya mwenzake. Hilo ndilo jambo la kwanza watakalouliza, na ni haki yao kuliuliza. Wawezeshaji wawashukuru viongozi hao, lakini wasiwaalike kuja kufungua shughuli, kwa sababu ufunguzi wa hotuba huifanya kazi yote iliyobaki ionekane ni nyongeza ya hotuba.

Juu ya ratiba: Ijumaa mchana ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya Wakristo wengine, na jioni nyingi zina maombi, darsa au mazoezi ya kwaya. Tulichobaki nacho ni Jumatano, kuanzia saa kumi na robo, baada ya sala ya Alasiri, hadi saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya Magharibi. Saa moja na nusu kwa wiki, kwa wiki sita, inatosha. Angalia pia kalenda ya mifungo, ambayo wakati mwingine hukutana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, iliyokuwa tarehe 5 Machi, kwa hiyo ratiba ya chakula ya mwezi huo ilikuwa rahisi kuliko zote: hapakuwa na chakula. Katika miezi mingine tunaweka karanga, mihogo ya kuchoma na maji, na swali la nani kachinja halizuki mezani.

Yasiyochorwa na yasiyopigwa

Kabla ya kugusa rangi, kikundi kikubaliane juu ya mipaka. Wapo Waislamu wasiochora viumbe wenye roho, na karibu wote hawatavumilia picha ya Mtume. Wapo Wakristo ambao kuchora Yesu au Bikira Maria ni sehemu ya ibada yao, na wengine wanaoona sanamu yoyote ni kosa. Wapo walokole wasiokubali kugusa ngoma ya asili kwa sababu kwao inanuka mizimu, na wapo Waislamu wanaokubali dufu na kukataa gitaa. Mwezeshaji asijaribu kuamua nani yuko sahihi ndani ya dini yake. Amwombe kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, jambo moja ambalo mkono wake hautalifanya, kisha karatasi zisomwe kwa sauti na kubandikwa ukutani kwa wiki zote sita. Kikao hiki ni kifupi, na mara nyingi ndicho cha kwanza ambapo Wakristo hugundua kwamba hata wao kwa wao hawakubaliani, na Waislamu vilevile.

Nilijifunza umuhimu wa karatasi hizo kwa kukosea. Katika kikundi changu cha kwanza niliwaambia wanafunzi waandike neno lolote la kitabu chao wanalolipenda, walipambe kwa rangi, kisha nikazianika manila zote sakafuni zikauke, kama nilivyozoea kuanika michoro. Mwanafunzi mmoja aliinama, akaokota karatasi yenye aya ya Kurani, akaiweka juu ya kabati bila kusema neno, akarudi kuketi. Baada ya dakika chache msichana wa Kilutheri akaenda kuinua yake pia, na ya jirani yake. Tangu siku hiyo nina kamba na vibanio vya nguo, na kila kitu kinaanikwa juu.

Kuna mpaka mmoja ninaouweka mimi mwenyewe, na huwa unalalamikiwa: katika wiki tatu za kwanza ni marufuku kuchora msalaba, mwezi na nyota, njiwa, na mikono miwili iliyoshikana. Alama hizi ni nzuri, ila zimekwisha kusema kila kitu kabla mchoraji hajafikiri. Ukimwambia kijana achore maelewano ya dini, ataweka msalaba kushoto, mwezi kulia na mikono katikati kwa muda wa dakika tano, halafu atachukua simu. Ukimnyima alama hizo, inambidi ajiulize imani yake inaonekana wapi katika siku yake ya kawaida, na hapo ndipo zinapokuja ndala zilizopangwa mlangoni, birika la kutawadhia, rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha daladala, nguo nyeupe ya ubatizo ya mdogo wake.

Wiki ya milango

Zoezi la kwanza ni la macho. Kikundi kitembee Mji Mkongwe, hasa Barabara ya India, kila mmoja akiwa na daftari na penseli, na kila wanafunzi wanne wachague mlango mmoja wa nakshi na kuuchora kwa kugawana: mmoja kizingiti cha juu, mmoja mfaa wa katikati, wawili fremu za pembeni. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, kwa hodi na salamu zinazostahili. Wasisugue karatasi juu ya nakshi ili kupata alama zake, kwa kuwa mbao hizo zina umri na chumvi ya bahari imekwisha kuzila vya kutosha.

Faida ya mlango ni kwamba hauna dini moja. Fundi wa pwani alichanganya maua, minyororo, mawimbi na maandishi ya Kiarabu, na ukikutana na mlango wenye upinde juu na visanduku vidogo vya maua, unauona mkono wa Kihindi ndani yake. Vipande vinne vikiunganishwa darasani, karibu kila mara havikutani vizuri. Kimoja kimechorwa kikubwa, kingine kimepinda. Usiwasaidie. Waache wabishane nani arekebishe cha nani, kwa sababu huo ni ubishi wa kwanza walio nao, na haumgusi Mungu hata kidogo.

Wiki ya kanga

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, nalo linahitaji vikao viwili. Kila kikundi cha watu wanne kitengeneze mchoro wa kanga moja kwenye manila, yenye sehemu zote tatu: pindo linalozunguka pande nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Rangi zisizidi tatu. Jina lihusu ujirani, liwe fupi, lisimtaje Mungu wala mtume yeyote, na wote wanne wawe radhi mama zao walivae mbele za watu. Sharti hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote, kwa sababu kanga haisemi na aliyeiandika tu. Inasema na mtaa mzima.

Kwanza kila mmoja alete msemo kutoka nyumbani. Katika kikundi kimoja, kijana Mkatoliki alileta maneno kwamba afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali.

"Hilo ni la bibi yangu," akasema msichana aliyekaa mbele yake, Mwislamu wa hapa hapa mjini. "Alikuwa nalo kwenye kanga."

"Hilo liko Mithali, dada. Ishirini na saba, kumi."

"Basi bibi yangu alivaa Mithali miaka yote ile, na hakuna aliyemwambia."

Walicheka hadi kikundi cha jirani kikageuka. Kisha ukaja mjadala niliokuwa nikiutaka: je, msemo ukiwa umo katika kitabu cha dini moja, ni wa dini hiyo, au kitabu kiliukuta umekwisha kuzaliwa? Msichana wa pili akaongeza kwamba naye amefundishwa madrasa hadithi za Mtume juu ya haki ya jirani, na kijana wa nne, ambaye alikuwa hajasema chochote, akauliza jirani ni nyumba ngapi. Walitumia karibu nusu saa kwa swali la nyumba ngapi. Mwishowe waliuacha msemo wa asili, kwa kuwa kila mmoja aliona si wake peke yake, wakatunga wa kwao: HODI MOJA YATOSHA KWA JIRANI MWEMA. Pindo lilikuwa la bluu, na korosho nyeupe kwenye pembe nne za mji.

Kazi ya mwezeshaji katika kikao hiki ni kunyamaza na kuangalia saa. Aingilie mambo mawili tu: mmoja anapowaandikia wenzake wote, na mmoja anapogeuka kuwa mwalimu wa dini ya mwenzake, akamweleza Mwislamu Kurani inasema nini au akamweleza Mkristo maana ya Utatu. Kanuni tunayoisoma kila wiki ni kwamba kila mtu hueleza ya kwake, na ya mwenzake huyauliza.

Wiki ya utenzi

Neno tenzi ni la watu wote. Mkristo akisikia tenzi hukumbuka nyimbo za ibada, na Mwislamu wa pwani hukumbuka tungo ndefu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Anza kikao kwa kumwomba kila upande uimbe au ughani beti mbili unazozijua, kama sadaka ya kusikilizwa, bila kumtaka yeyote aitikie.

Kisha eleza kanuni ya utenzi kwa ufupi: ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika utenzi wote. Wanaojua wataanza kuhesabu kwa vidole. Mfano wa ubeti uliotoka katika kikao kimoja:

Nimefika kwa jirani
Ameketi barazani
Kanipa maji katani
Kiu ikanitoweka

Ubeti si wa kushangaza, lakini mizani yake ni sahihi, na maji yanaonekana. Ugumu halisi huja kwenye ubeti wa kwanza, kwa maana tenzi za kale hufunguliwa kwa kumtaja Mungu. Kikundi kitamwita nani? Neno Bwana limezoeleka kanisani, Rabuka halijazoeleka huko, Mola linapita pande zote, na mizani nazo zinadai haki yake, kwani Mungu na Mola ni mizani mbili, Muumba na Mwenyezi ni tatu. Nimewahi kuona vijana wanne wakijadili sifa za Mungu kwa saa nzima huku wakiamini kuwa wanatafuta silabi. Mwezeshaji asiwazindue.

Wiki ya bweni

Igizo ni la hatari zaidi, kwa hiyo linakuja wakati wameshazoeana. Mbinu yenyewe ni igizo shirikishi, lililokuzwa na Augusto Boal wa Brazil kuanzia miaka ya 1970: waigizaji huonyesha tatizo hadi pale linapoharibika, kisha igizo hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kupiga kofi moja, kulisimamisha, na kuingia kuchukua nafasi ya mhusika ili ajaribu njia nyingine.

Tatizo litoke bwenini. Chumba kina watu wanne na dabo deka mbili. Mmoja ameweka kengele ya simu saa kumi alfajiri aamke kula daku. Mwingine amerudi saa nane kutoka mkesha wa maombi na bado anaomba kwa sauti. Wa tatu ana mtihani saa mbili asubuhi. Wa nne amefunika kichwa kwa shuka na anatukana kimoyomoyo. Hapo hakuna fundisho la imani linalogombaniwa, lakini kila mmoja anaamini usiku wake ni mtakatifu kuliko wa wenzake, isipokuwa yule wa mtihani, ambaye huwa na watetezi wengi.

Weka masharti mawili. Ibada isiigizwe jukwaani. Mhusika atoke na mkeka wake au Biblia yake, na arudi. Pia hakuna anayeigiza mtu wa dini ya mwenzake kwa kuchekesha lafudhi au mavazi. Waigizaji wazuri hulalamika kwamba masharti haya yanawafunga mikono. Ni kweli, na wafungwe.

Siku ya historia

Ziara ya Misheni na Kaole huwa naifanya katika wiki ya tano, siku tofauti na ile ya igizo, wala siyo mwanzo, kwa sababu historia ya Bagamoyo ina utumwa ndani yake, na katika kikundi kimoja wanaweza kuketi wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa. Kuna masimulizi mawili ninayoyaweka pamoja. Mapadre wa Misheni waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawaweka kijijini kwao, wakawafundisha dini, kusoma na kazi za shamba. Katika mji huo huo, mtoto mwingine aliyeletwa utumwani kutoka mashariki ya Kongo alikua, akasoma, akawa mwanachuoni mkubwa wa tarika ya Kadiria, yaani njia ya Kisufi. Ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Ukristo wa hapa na Uislamu wa hapa, kila mmoja una mizizi katika watu waliofika kwa minyororo.

Baada ya kusimulia, usiulize wanajisikiaje. Wape kipande cha mkaa na karatasi, wachore kitu kimoja tu walichokiona siku hiyo ambacho mkono wa binadamu ulikigusa: kengele, kizingiti, bakuli lililowahi kupachikwa kwenye nguzo ya kaburi kule Kaole. Wachore kimya kwa dakika thelathini. Wengine watataka kuzungumza baadaye njiani, na njia ya kurudi kutoka Kaole ni ndefu kwa kusudi hilo. Ninaongeza kisa cha Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kiismailia aliyetoa jengo la shule hapa Bagamoyo mwaka 1896 kwa sharti kwamba lipokee watoto wa rangi zote, kwa kuwa wanafunzi wengi wanalijua jina lake kutokana na jengo lililoko Muhimbili na hawajui lilitokea wapi.

Maonyesho

Wiki ya sita kazi zitundikwe. Ukumbi usiwe wa kanisa wala wa msikiti. Korido ya maktaba au bwalo la chakula hufaa kuliko ukumbi wa mikutano, maana watu hupita wakiwa na njaa na huangalia bila kuambiwa waangalie. Kibandiko cha kila kazi kiandikwe majina ya wote wanne kwa mpangilio wa alfabeti na vifaa vilivyotumika, basi. Usiandike dini zao, hata kama mgeni rasmi ataomba ziandikwe ili umoja uonekane. Waliozitengeneza wakae karibu na kazi zao kwa zamu, wajibu maswali.

Siku ya kushusha, usiviache vitu kwa mfagiaji. Karatasi zenye maneno ya vitabu vitakatifu zirudishwe kwa mikono kwa walioziandika, kila mmoja afanye nazo anavyofundishwa na dini yake. Michoro ya milango tunawapelekea wenye nyumba waliotupa ruhusa, na mzee mmoja ameugundisha wake ndani, nyuma ya mlango wenyewe. Manila za kanga hukaa kabatini kwangu. Wale vijana wa hodi moja wamekwisha kuhitimu, na mara mbili wamenipigia simu kuuliza kama nimepata kiwanda kitakachokubali kuchapa doti chache tu.